Urefu wa Nguzo ya Nyuzi katika Jino Lililovunjika

Kijana aliyeanguka na bodaboda hufika kliniki ya kinywa na meno mjini Singida akiwa na kipande cha jino la mbele ndani ya leso, na swali lake la kwanza ni kama jino litang'olewa. Si lazima. Mzizi ukiwa mzima, mfereji wake husafishwa na kuzibwa kwa gutapercha, kisha ndani yake husimikwa nguzo ya nyuzi za kioo itakayoshikilia jengo la juu. Linalobaki ni suala la milimita: nguzo iingie hadi wapi?

Wanafunzi hufundishwa kanuni tatu. Nguzo isipungue urefu wa taji; ifikie theluthi mbili za mzizi; na chini yake ibaki gutapercha ya milimita 4 hadi 5, kizibo kinachozuia bakteria kufika kwenye ncha ya mzizi na kurudisha jipu. Kanuni hizo hupatana mpaka mtu apime. Jino la kati la mbele, taya ya juu, kwa wastani lina mzizi wa milimita 13 na taji la 10.5. Ukiacha kizibo cha 5, nguzo hupata 8 tu: haikufikia taji, wala theluthi mbili hazikutimia. Chonge la juu, lenye mzizi wa takribani 17, hutimiza zote.

Kanuni zikigongana, kizibo kisiguswe. Sharti la urefu lilirithiwa kutoka nguzo za chuma. Ile ya nyuzi hugandishwa kwa saruji ya resini na hunyumbuka karibu sawa na dentini, hivyo kina cha ziada huleta faida ndogo. Kuchimba zaidi hupunguza dentini mahali ambapo mzizi ni mwembamba na pengine umepinda, na hapo ni rahisi kuutoboa. Hata hivyo, nguzo ivuke usawa wa mfupa wa taya, la sivyo mzizi waweza kupasuka wima, na mpasuko huo kwa kawaida huishia kwenye kung'oa. Bila picha ya eksirei, basi, kazi isianze.

Kwa maoni yangu tunabishania urefu kupita kiasi na kusahau kilichobaki juu ya fizi. Jino lenyewe likisalia milimita 2 kuzunguka pande zote, taji hulikumbatia kama pete. Lisiposalia, nguzo ndefu haitaliokoa, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Wengi hapa wana madoa ya kahawia yatokanayo na fluoridi ya maji ya visima. Madoa peke yake si sababu ya kuweka nguzo, ila rangi ya taji ichaguliwe kwa kutazama meno jirani.

Taji likianza kucheza, mgonjwa asingoje maumivu, hata kama anatoka Itigi au Nduguti: nguzo iliyobanduka mapema mara nyingi hugandishwa upya, lakini ikiachwa, mate hupenya hadi kwenye kizibo.