Kazi ya Mtaalamu wa Mambo ya Kale Katika Miradi ya Mabomba, Umeme na Barabara

Inafaa ifahamike kwamba pale bomba la mafuta, njia ya umeme au barabara inapopitishwa, miongoni mwa wanaolitangulia tingatinga anatakiwa awemo mtaalamu wa mambo ya kale, yaani mwanaakiolojia. Hakuja kuuzuia mradi, kama baadhi ya watu wanavyodhani, wala hatafuti dhahabu. Amekuja kuisoma ardhi kabla haijapinduliwa, kwani ikishapinduliwa haisomeki tena.

Mfano ulio wazi ni bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,070, kutoka eneo la Doba nchini Chad hadi pwani ya Kribi nchini Kameruni. Tangu mwaka 1986 Benki ya Dunia ilikuwa na mwongozo juu ya mali za utamaduni katika miradi inayoisaidia, na bomba hilo lilikuwa mmojawapo. Hivyo, baina ya 1999 na 2004, wanaakiolojia waliifuata njia hiyo na kuorodhesha maeneo ya kale 472, mengi yakiwa mahali ambapo hapakuwa pamepata kuchunguzwa.

Kwanza walitembea kwa miguu wakiangalia vigae, mawe yaliyochongwa na mavi ya chuma. Katika msitu wa kusini, hata hivyo, jicho halioni kitu juu ya ardhi. Huko mtaro wenyewe ndio uliofichua: kwenye kuta zake yalionekana mashimo ya kale yaliyojaa udongo mweusi, makaa na vigae, na kwengineko mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Baina ya kuchimbwa mtaro na kulazwa bomba muda ni mchache. Katika muda huo mtaalamu husafisha ukuta kwa mwiko, hupima, huchora, hupiga picha, huchekecha udongo, na hutia makaa katika mfuko wenye alama ili umri wake upimwe katika maabara. Bomba likishafukiwa, alichokiandika ndicho kilichobaki.

Mahali kitu kilipolala ni muhimu kuliko kitu chenyewe. Kigae kilichotiwa mfukoni ni kigae tu. Kigae kilichoachwa kando ya makaa yake hueleza ni lini watu walipika hapo. Mahekalu ya Abu Simbel, nchini Misri, yalikatwa vipande na kuhamishwa baina ya 1964 na 1968 ili yasizamishwe na maji ya bwawa la Aswan. Jiko la mkulima halihamishiki namna hiyo. Ama njia ya bomba ipindishwe kidogo, ama jiko lichimbwe kwa utaratibu, ama lipotee.

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo halisemwi sana. Aghalabu mtaalamu huyu hulipwa na mradi ule ule anaoukagua, na kila siku ya kusimama kwa mashine ni gharama. Asiyekuwa na idhini ya kusimamisha kazi, iliyoandikwa katika mkataba, huwa shahidi tu. Kanuni za Benki ya Dunia zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinataka mradi uwe na utaratibu wa vitu vinavyogunduliwa kwa bahati: wahusika waarifiwe, mahali pazungushiwe uzio, na wataalamu wapatathmini.

Visiwa vyetu navyo vina ardhi ya namna hiyo. Unguja Ukuu, bandari iliyokaliwa tangu karne ya 7 au kabla yake, imelala chini ya mashamba na nyumba za watu. Mwananchi au fundi anayechimba msingi, kisima au mtaro wa waya, akikuta vigae vingi, ushanga, sarafu, ukuta wa mawe au mifupa, anaombwa aache kuchimba, asikiondoe kitu mahali pake, na amwarifu Sheha wa Shehia yake siku hiyo hiyo.