Uenezaji wa virusi vya muhogo

Uenezaji wa virusi vya muhogo ni jinsi virusi vya magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia vinavyotoka katika mmea mmoja na kufika katika mwingine. Virusi vya mimea haviwezi kusogea vyenyewe wala kupenya jani lisilo na jeraha, kwa hiyo vinahitaji mchukuzi. Kwa upande wa muhogo wachukuzi ni wawili: inzi mweupe na binadamu.

Muhogo una asili ya Amerika Kusini, lakini batobato haipo huko. Inadhaniwa kwamba virusi vyake viliishi katika mimea ya mwituni ya Afrika kabla ya zao hili kuletwa, kisha vikahamia kwa mgeni. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutoka Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima hiyohiyo.

Inzi mweupe

Jina linapotosha kidogo, kwa sababu mdudu huyu si inzi. Ni wa oda Hemiptera, kama vidukari, na jina lake la kisayansi ni Bemisia tabaci. Ana urefu wa milimita 1 hivi. Wadudu wapevu hukaa chini ya majani machanga ya kileleni, na mmea ukitikiswa huruka kama vumbi jeupe. Mdomo wake ni kama sindano, ambayo huichoma ndani ya jani mpaka ifike kwenye mishipa inayosafirisha sukari, kisha hufyonza utomvu.

Magonjwa yote mawili huenezwa na mdudu huyuhuyu, lakini kwa namna tofauti sana. Virusi vya batobato huingia mwilini mwake. Inambidi afyonze mmea mgonjwa kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Virusi hupita ukuta wa utumbo, huingia katika damu yake na kufika kwenye tezi za mate. Baada ya saa 8 hivi anaweza kuambukiza, na dakika 10 za kufyonza mmea mzima zinatosha. Hubaki na virusi kwa siku 9 hivi, ingawa havirithishi kwa mayai yake.

Virusi vya michirizi ya kahawia haviingii ndani namna hiyo. Hushika sehemu za mdomo na mwanzo wa njia ya chakula tu. Mdudu huvipata kwa dakika chache na kuvipoteza baada ya siku moja au mbili. Hivyo inzi mweupe huvieneza kati ya mashamba yaliyo karibu, lakini hawezi kuvifikisha mbali. Kwa miaka mingi vidukari ndio walioshukiwa, maana ndio wanaoeneza virusi vingi vya familia hiyo (Potyviridae). Mnamo 2005 ndipo majaribio yalipoonyesha kwamba mchukuzi ni inzi mweupe.

Kunyunyiza dawa hakusaidii sana. Mdudu aliyekwisha kubeba virusi huweza kuambukiza mmea kabla dawa haijamuua, na wengine huendelea kuingia kutoka kwa jirani.

Mlipuko wa Uganda

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali sana ilizuka katika eneo la Luweero, Uganda. Baadaye iligunduliwa kwamba virusi viwili tofauti vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana sehemu za vinasaba na kuzaa aina mpya. Wakati huohuo inzi weupe walikuwa wengi kupita kawaida. Ugonjwa ulisonga mbele kiasi cha kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, ukaingia magharibi mwa Kenya, mkoa wa Kagera nchini Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Sehemu nyingi za Uganda wakulima waliacha kabisa kulima muhogo, na njaa ikafuata.

Mimea inayohifadhi virusi

Hifadhi kuu ya virusi hivi ni muhogo wenyewe. Hukaa shambani mwaka mzima au zaidi, na mashina yaliyosahaulika huchipua tena.

Mmea mwingine ni mpira (Manihot glaziovii), mti wa jamii ya muhogo ambao majani yake hupikwa kisamvu. Virusi vya michirizi ya kahawia vimepatikana ndani yake. Lakini mti huohuo ulichanganywa na muhogo huko Amani ili kupata aina zenye ukinzani, na aina ya Namikonga, inayojulikana pwani ya Kenya kama Kaleso, inaaminika kuwa ya uzao huo.

Pingili

Mkulima hapandi mbegu za muhogo, bali pingili alizokata shambani mwake au alizopewa na ndugu na jirani. Shina likiwa na virusi, pingili zake huweza kuzaliwa na ugonjwa, hata pasipo inzi hata mmoja. Kwa njia hii virusi husafiri kwa basi au baiskeli hadi mahali ambapo mdudu asingevifikisha.

Batobato angalau huonekana: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia hujificha. Mmea huweza kustawi vizuri juu ya ardhi, na mwenye shamba akagundua siku ya kuvuna kwamba mizizi ina madoa makavu ya kahawia na hailiki. Dalili za majani huanzia kwenye majani makubwa ya chini, yale yanayopukutika mapema. Ndiyo maana wakaguzi wa mashamba ya pingili huja kabla majani hayo hayajaanguka, na huchimba baadhi ya mashina na kukata mizizi yake kabla ya kuruhusu chochote kisafirishwe.