Damu Yenye Rangi ya Maziwa

Damu ikitolewa mkononi na kuachwa itulie katika kichupa, chembe nyekundu huzama chini, na juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano. Kwa baadhi ya wagonjwa majimaji hayo huwa meupe na mazito, mithili ya maziwa. Mtaalamu wa maabara, awe Dodoma mjini au Kongwa, hahitaji kuambiwa jambo: hayo ni mafuta.

Mafuta hayo huitwa trigliseraidi. Ni jamaa wa lehemu, lakini si kitu kimoja. Lehemu hutumika kujengea chembe za mwili. Trigliseraidi ni akiba ya nishati. Kiwango kinachotakiwa ni chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Kikivuka 10, hatari iliyo karibu zaidi si moyo bali kongosho, ambalo huweza kuvimba ghafla, tumbo likauma hadi mgongoni, na mgonjwa akapoteza maisha.

Wengi wetu tukisikia habari ya mafuta katika damu hukimbilia kulaumu nyama choma ya mnada wa Msalato. Nyama ina sehemu yake, lakini ini hugeuza sukari na wanga uliozidi kuwa trigliseraidi. Soda, chai ya vijiko vinne vya sukari na sahani kubwa ya sembe, kisha kutwa nzima kitini ofisini, hayo nayo yana kesi ya kujibu. Wazee wa Ugogo walikula ugali wa uwele kwa mlenda, wakashinda nyuma ya ng'ombe. Sisi tumebakiza ugali, tukaacha kutembea. Kisukari kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa huzidisha tatizo, ndiyo maana daktari mwangalifu hutafuta chanzo kwanza.

Dawa za faibreti, kama fenofaibreti na jemfibrozili, hufanya kazi hususan katika ini. Huamsha kipokezi kinachoamuru mwili uchome mafuta zaidi; ini likatoa trigliseraidi chache, na kimeng'enya kinachozivunja katika mishipa kikapata nguvu. Aghalabu kiwango hushuka kwa asilimia 30 hadi 50.

Hata hivyo, kushusha namba si lazima kuwe ni kuulinda moyo. Mwaka 1987 utafiti wa Helsinki ulionesha kwamba jemfibrozili ilipunguza matukio ya moyo kwa takriban theluthi moja. Lakini mwaka 2022, pemafaibreti ilipojaribiwa kwa wenye kisukari, ambao wengi wao walikwisha kuwa katika dawa za statini, mafuta yalishuka na maradhi ya moyo hayakupungua. Kwa hiyo statini ndiyo hutangulia kwa ajili ya moyo. Faibreti zaidi ni ngao ya kongosho.

Linalotia hofu ni desturi ya kugawana vidonge nyumbani. Mume anatumia statini, mke ameandikiwa jemfibrozili, naye mume huonja vya mkewe maadamu "zote ni dawa za mafuta". Mchanganyiko huo huweza kubomoa misuli: mwili huuma, mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi, na figo huweza kushindwa kazi. Aidha mwenye maradhi ya figo au ini, mwenye mawe katika nyongo na mama mjamzito wasizianze bila daktari kujua hali zao. Anayemeza warfarini aseme pia, kwani faibreti huiongezea nguvu na damu huweza kuvuja.

Ramadhani huleta swali lake. Jemfibrozili humezwa mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula. Fenofaibreti aghalabu mara moja, pamoja na mlo. Ratiba hiyo yaweza kuhamia futari na daku, ila daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama. Futari yenyewe nayo itazamwe, maana kaimati na juisi za sukari kila jioni hurudisha kile ambacho kidonge kimekiondoa.

Kipimo chenyewe aghalabu hutaka mtu asiwe amekula kwa saa 9 hadi 12, basi nenda asubuhi kabla ya chai. Chukua na pakiti za dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na zile za jirani ulizokwisha kuonja.