Wauguzi wa Wodi ya Njiti: Tunawashukuru kwa Lipi?

Siku mtoto njiti anaporuhusiwa kwenda nyumbani, maneno huwa ni yale yale: "Asante sana sista, Mungu akubariki." Wengine huleta katoni ya soda, wengine hulia tu. Shukrani hizo zinatoka moyoni, sina shaka nazo. Ila ukimuuliza mzazi anamshukuru muuguzi kwa lipi hasa, atakwambia walikuwa na huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini mtoto wa kilo moja na gramu mia mbili havushwi na huruma peke yake. Anavushwa na kazi, na kazi yenyewe kwa sehemu kubwa haionekani, kwa sababu lengo lake ni kuzuia jambo lisitokee.

Chukua joto. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na hawezi kutetemeka ili apate joto kama mtu mzima. Joto lake linatakiwa libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, mwili unatumia sukari na oksijeni kidogo iliyopo ili kujipasha. Sukari inapungua, pumzi inalegea, na mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri asubuhi anakuwa mahututi mchana. Ndiyo maana sista anakuja juu dirisha likiachwa wazi. Ndiyo maana nepi iliyolowa haisubiri, kofia haivuliwi ovyo, na yeye mwenyewe anapasha viganja kabla ya kumgusa mtoto.

Pumzi nayo ina mambo yake. Sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua bado haijakomaa, hivyo njiti anaweza kutulia tuli, pumzi ikakatika kwa sekunde 20 au zaidi na mapigo ya moyo yakashuka. Jioni moja nilikuwa nimesimama kando ya binti yetu, naye njiti, sista akiandika kwenye faili la mtoto mwingine, hatua kadhaa kutoka tulipokuwa. Mimi sikuona chochote. Yeye aliinua macho, akaja, akamsugua unyayo kwa vidole viwili mpaka kifua kikapanda tena. Akamtazama midomo, akatazama saa ya ukutani, akaandika. "Alisahau kupumua, baba. Sasa amekumbuka." Nilipomuuliza aliona nini kutoka kule mezani, alisema rangi ya kuzunguka mdomo ilibadilika. Baada ya hapo akarudi kwenye faili lake. Hakuna kengele iliyolia, hakuna daktari aliyeitwa mbio. Jicho la namna hiyo halipatikani kwa upole; linapatikana kwa kuangalia watoto wengi, zamu baada ya zamu.

Hata oksijeni, ambayo sisi wazazi tunadhani ikiwa nyingi ndiyo bora, inahitaji mkono unaojua. Ikipungua, ubongo unaumia. Ikizidi, mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho inakua vibaya na mtoto anaweza kupofuka. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, maelfu ya njiti wa Ulaya na Marekani walipoteza uwezo wa kuona kabla madaktari hawajatambua chanzo. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao. Kwa hiyo sista anapopita akipunguza oksijeni kidogo, huku mama akiogopa kwamba mwanawe anaachwa, huenda muda huo anayalinda macho yake.

Lakini kama kuna sehemu moja ambayo ningependa kila mzazi aipigie hesabu, ni maziwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 kwa kawaida hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo analishwa kwa mrija. Wa kilo moja na gramu mia mbili, siku za mwanzo, anapewa kama mililita sita hadi nane kila baada ya saa mbili, pungufu ya vijiko viwili vya chai. Muuguzi anahakikisha mrija uko tumboni na si kwenye njia ya hewa. Anainua bomba la sindano na kuacha maziwa yashuke yenyewe, hasukumi. Anaangalia kama tumbo limevimba au kama mtoto ametapika kijani. Tuseme kazi yote hiyo inachukua dakika kumi. Sasa muweke muuguzi mmoja zamu ya usiku ya saa 12, akiwa na watoto 12 wa aina hiyo. Kila mtoto anakula mara sita. Hiyo ni milo 72, dakika 720, yaani saa 12 kamili. Usiku umeisha, na hajapima joto, hajatoa dawa, hajabadilisha nepi hata moja, hajaenda msalani.

Uingereza, mwongozo wa wataalamu wa watoto wachanga unataka mtoto aliye kwenye uangalizi mahututi awe na muuguzi wake peke yake, na hata wale walioimarika wasizidi wanne kwa muuguzi mmoja. Katika hospitali nyingi za umma za kwetu, muuguzi mwenye watoto zaidi ya kumi si habari. Utafiti uliofanyika katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi ulionyesha kile ambacho hesabu yetu inakitabiri: watoto wanavyozidi kwa kila muuguzi, ndivyo huduma nyingi zaidi zinavyorukwa, na baadhi ya kazi zinaangukia mikononi mwa akina mama wenyewe. Wapo wazazi waliojibiwa vibaya wodini, na maneno makali kwa mama aliyetoka kujifungua yanaumiza, siyatetei. Ila ukishaijua hesabu ya dakika 720, unajua pia sehemu kubwa ya ukali ule inatoka wapi.

Jambo lililoleta nafuu kubwa lilianzia kwenye uhaba kama huu huu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na msongamano na upungufu wa mashine za joto, alianza kuwaweka njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, njia inayoitwa kangaruu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya njiti kwa takriban robo. Lakini mama hazaliwi akijua kumfunga kifuani mtoto mdogo kiasi hicho. Wengi wanaogopa hata kumgusa. Muuguzi ndiye anayemkalisha, anamlaza mtoto kati ya matiti, anageuza kichwa upande mmoja na kukiinua kidogo ili njia ya hewa isibanwe, anakaza kitenge na kusema, "Tulia mama, ni wako huyu." Kwangu mimi hili ndilo deni kubwa kuliko yote: walitufanya wazazi pale ambapo tulikuwa watazamaji.

Shukrani inayojua haya haiishii kwenye soda. Tanzania iliporekebisha sheria za kazi mwaka 2025, mama wa njiti akaongezewa likizo ya uzazi, jambo ambalo Doris Mollel, mwenyewe aliyezaliwa njiti, na taasisi yake walilipigania kwa miaka. Sauti hiyo hiyo inafaa isikike kuhusu wauguzi. Mashine zikikabidhiwa mbele ya kamera, mzazi aulize nani atazisimamia saa nane usiku, na kwa nini muuguzi aliyefunzwa kazi hii anahamishiwa wodi nyingine akishaimudu.

Tena kuna jambo dogo lililo ndani ya uwezo wetu. Andika barua kwa muuguzi mfawidhi, utaje zamu na kitu alichofanya muuguzi husika, ili kiingie kwenye kumbukumbu zake. Na mrudishe mtoto. Watoto wanaofariki wanafia mikononi mwa wauguzi hawa. Wanaopona hutoka mlangoni wasionekane tena. Mkienda kwenye chanjo au kupima macho, pitieni wodini. Msiporuhusiwa kuingia, mwombeni mlinzi amwite sista wa zamu atoke nje amwone mtoto.