Theluthi ya Tumbo na Sufuria ya Wachumaji



Msimu wa karafuu ukishika, maneno juu ya chakula huwa mengi karibu sawa na maneno juu ya bei. Mwenye shamba huitazama sufuria ya wachumaji, akaona wali umezidi, na hapo huitaja hadithi ya theluthi. Hadithi yenyewe ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Al-Miqdam bin Maadikarib. Mtume (S.A.W.) alilaumu kujaza tumbo, vitonge vichache vyatosha kuusimamisha mgongo, na asiye na budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi.

Lakini kipimo hicho mtu hulipimia tumbo lake mwenyewe, si sahani ya mwenziwe! Aliyeshinda juu ya mkarafuu tangu asubuhi ana haja ya chakula kuliko sisi tunaokaa kivulini kulinda majamvi. Aya ya 31 ya Sura Al-Aaraf imeamrisha kula na kunywa kwanza, ndipo ikakataza israfu. Na katika Bukhari, Abu Dharr amepokea kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe katika hicho tunachokula sisi.

Israfu, kwa maoni yangu, imo zaidi katika vikombe vyetu vya chai. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora ishuke hata asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Mwenye kutia vijiko 3 kwa kikombe, akanywa vikombe 4, amefika 12 kabla hajagusa kaimati. Kisha twashangaa maradhi ya sukari yamezidi majumbani! Chumvi nayo, chini ya gramu 5 kwa siku, haijai kijiko kimoja.

Tena tule polepole. Tumbo huchukua kiasi cha dakika 20 kuupa ubongo khabari ya shibe, na mwenye pupa huwa amekwisha pakua mara ya pili.

Kwa wachumaji, muhogo au wali uwe na samaki au choroko, wala usiwe mkavu. Na ndoo ya maji safi ipelekwe chini ya miti, isiachwe nyumbani.

Katibu