Hesabu Skrini Kabla ya Kununua Kompyuta

Anayekwenda Kariakoo kutafuta kompyuta ya mtumba huulizwa mambo mawili: unataka Core i ngapi, na RAM kiasi gani? Kwa mtu wa barua na mahesabu ya duka, maswali hayo yanatosha. Kwa anayetaka kufunga skrini mbili au tatu za 4K kwenye mashine moja hayatoshi, kwa sababu yanapima kasi ya mashine kufanya kazi na kusahau uwezo wake wa kutoa picha.

Kazi zinazohitaji skrini nyingi zinafanyika hata Manzese. Mhariri wa video za harusi hutaka vipande vyake vipangwe kwenye skrini moja, picha kamili ionekane kwenye ya pili, na mafaili yakae kwenye ya tatu. Mchora ramani hutaka picha ya droni upande mmoja na ramani upande wa pili. Tandale, jirani kabisa na Manzese, ilichorwa ramani mwaka 2011 na wakazi wake wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi ya aina hiyo kwenye kata nyingine za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Ujuzi upo, na vijana wa kuufanyia kazi wapo. Mtaji ndio mdogo, na ndiyo maana ushauri mbaya wa dukani unaumiza. Hoja yangu ni kwamba hesabu ianzie kwenye skrini, irudi kwenye waya, kisha tundu, kisha kadi ya picha, na prosesa ije mwisho.

Tuanze na skrini yenyewe. Skrini ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani takriban milioni 2.07. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, takriban milioni 8.29, mara nne ya ile ya kwanza. Kwa hiyo anayefunga skrini tatu za 4K anaibebesha mashine mzigo wa skrini 12 za HD kamili. Picha ya 4K ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, skrini moja tu hudai takriban gigabiti 12 za data kila sekunde. Mzigo huo usibebwe bila sababu. Kwenye skrini ya inchi 24, mtu wa barua na risiti hapati faida ya maana kwa kuhama kutoka HD kamili. Skrini ya 2560 kwa 1440, yenye pikseli kama milioni 3.7, inawatosha wengi wanaochora. 4K inastahili gharama yake kuanzia inchi 27, kwa mtu ambaye kazi yake ni kukagua picha.

Ukishajua mzigo, angalia njia ya kuupitisha. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama, maana tundu la HDMI lina umbo lilelile hata toleo likibadilika. HDMI 1.4, iliyotoka mwaka 2009, hufikisha 4K kwa mara 30 tu kwa sekunde. Picha inaonekana, lakini kishale cha mausi kinakokota na video haiendi sawasawa. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hufikisha mara 60, na tundu la aina nyingine, DisplayPort, katika toleo lake la 1.2, liliweza hivyo tangu 2010. Mashine nyingi za ofisini zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 8 hutoa 4K kwa mara 60 kupitia DisplayPort, ilhali tundu la HDMI la mashine hiyohiyo huishia mara 30. Kwa hiyo, kama mashine ina DisplayPort na skrini nayo inayo, tumia hiyo. Ukilazimika kubadilisha kutoka DisplayPort kwenda HDMI, adapta ya bei ya chini huweza kukurudisha kwenye mara 30. Tafuta yenye chipu yake ndani, iliyoandikwa wazi kwamba inabeba 4K kwa 60. Kagua na waya pia: ule wa HDMI ulioandikwa Premium High Speed umepimwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde, kiwango cha HDMI 2.0.

Idadi ya matundu nayo isikudanganye. Mashine inaweza kuwa na matundu manne na kuwasha skrini mbili tu. Sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 2 huendesha skrini mbili. Uwezo wa kuendesha tatu ulikuja na kizazi cha 3, mwaka 2012. MacBook Air yenye chipu ya M1, ya mwaka 2020, huendesha skrini moja tu ya nje kwa njia yake ya kawaida. Zipo doki za DisplayLink zinazoongeza skrini kwa USB, lakini prosesa ndiyo inayobanwa kuishindilia picha kabla ya kuituma. Kwa nyaraka zinafaa. Kwa mhariri wa video sizishauri.

Jambo ambalo lingeokoa pesa nyingi ni kutofautisha kuonyesha picha na kuichakata. Picha moja ya 4K iliyosimama kwenye skrini huchukua takriban megabaiti 33 za kumbukumbu, na skrini tatu hazifiki hata megabaiti 105. Kadi ndogo kama Quadro P620, yenye gigabaiti 2, ina matundu manne ya mini DisplayPort 1.4 na hula wati 40 tu. Haihitaji waya wa ziada wa umeme, kwani nafasi inapochomekwa inaweza kutoa hadi wati 75, na inaingia hata kwenye kasha jembamba la mashine ya ofisini. Mchora ramani anayetumia programu ya QGIS akiwa na kadi kama hiyo, RAM ya kutosha na SSD anafanya kazi yake bila shida. Mhariri anayesahihisha rangi za video ya 4K kwenye DaVinci Resolve yuko kwenye hali nyingine kabisa: kadi yake inachakata, na gigabaiti 2 hazimfikishi popote. Huyo atafute kadi ya gigabaiti 8, pamoja na kasha kubwa na pawa saplai ya kuibeba.

Umri wa mashine nao una bei yake. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Anayenunua kizazi cha 6 kwa sababu ni nafuu aamue mapema kama yuko tayari kutumia Linux.

Mwisho, jumlisha umeme. Skrini tatu za 4K za inchi 27 zinaweza kula kama wati 40 kila moja, na mashine yenye kadi ndogo ikaongeza mia moja na ushee. Jumla hiyo inabebwa kwa dakika chache na UPS ya VA 650, ambayo kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima. Mhariri mwenye kadi kubwa anahitaji UPS kubwa zaidi, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti siku ya kwanza.

Kwa hiyo mnunuzi asilipe kabla skrini zote alizokusudia hazijawashwa kwa pamoja kwenye mashine anayoichukua, kwa waya atakaoutumia, na mpangilio wa skrini ukasoma 60 kwa kila moja. Jaribio hilo halichukui muda. Muuzaji mwaminifu ataliruhusu, na muuzaji mwema zaidi ataandika kwenye kibandiko cha bei toleo la kila tundu na idadi ya skrini ambazo mashine inaendesha, pale pale anapoandika Core i na RAM. Pesa ya kijana anayefungua studio Manzese mara nyingi ni mkopo au akiba ya familia nzima, na ana haki ya kujua anachokinunua.