Matembezi ya Bwawani: Maji Kuwa Twahara Si Kuwa Salama

Siku za Idi na likizo, familia nyingi za Mombasa huwapeleka watoto Haller Park, Bamburi. Ni mahali pa mazingatio. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, pakavu kabisa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti pale, mivinje ikastahimili, na majongoo yakaletwa kula majani yake makavu mpaka udongo ukapatikana. Leo utatembea kivulini, uone mabwawa, viboko, twiga na kobe wakubwa. Subhana Llah!

Nendeni, lakini mchunge afya. Wakati wa Swala ukiwakuta matembezini, hapo au penginepo, msishuke bwawani kutia udhu. Maji mengi yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu ni twahara kisheria, lakini twahara haimaanishi hayana maradhi. Bwawa lolote la maji yasiyo ya chumvi lenye konokono laweza kuwa na kichocho, maradhi yanayojulikana sana Pwani yetu.

Kichocho huenea hivi: mgonjwa hukojoa majini, mayai yaliyomo kwenye mkojo huanguliwa, vijidudu huingia kwa konokono, huzaliana, kisha hutoka na kupenya ngozi ya binadamu. Si lazima unywe. Kutia miguu tu kwatosha. Hapo ndipo tunapoiona hekima ya Mtume (S.A.W.) kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Basi chukueni dumu la maji ya bomba kwa udhu, na watoto waende haja chooni, si kichakani.

Mambo mengine ya kuzingatia:

1. Mtoto akimgusa kobe au akimlisha twiga, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha hata akionekana msafi.

2. Msiwape tumbili chakula. Akimuuma au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishadhihirika, kwa kawaida hakiponi.

3. Vaeni viatu, na mchukue nguo safi ya kuswalia, kwani kinyesi cha wanyama ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi.

Mzazi, ikiwa mtoto wako amewahi kuogelea bwawani au mtoni, muulize kwa upole kuhusu mkojo wake. Damu kwenye mkojo, au maumivu akikojoa, si jambo la kuonea haya wala la kungojea. Mpeleke akapimwe. Dawa ya kichocho ipo, ni vidonge, nayo huponya. Akiachwa miaka mingi, kibofu na figo huharibika.

Afya ni amana, na watoto ni amana. Tutembee, tuzingatie, turudi salama inshaallah. Wabillahi tawfiq.